Obama wa Springfield: alivyokuwa seneta kabla ya kuwa seneta

Mwaka 2004 ilitoka Kenya bia ya pipa ya bei nafuu iitwayo Senator. Haukupita muda wanywaji wakaacha kulitaja jina hilo. Mtu aliingia baa akaagiza "Obama", na mhudumu akajua la kuleta. Seneta aliyesherehekewa katika glasi zile alikuwa wa Washington, yule mwana wa mtu wa Kogelo aliyechaguliwa Novemba mwaka huo kuingia Seneti ya Marekani. Lakini siku anachaguliwa, Barack Obama alikuwa tayari seneta, tena kwa karibu miaka minane. Ilikuwa seneti nyingine, katika mji mwingine, yenye kazi nyingine. Simulizi nyingi huiruka miaka hiyo, zikamtoa chuoni Harvard na kumtua jukwaani. Mimi naamini usipoielewa miaka hiyo hutajua mwanasiasa huyu alitoka wapi, wala hutajua jinsi madaraka yanavyotengenezwa Marekani katika ngazi ambayo kamera hazifiki.

Msomaji wa Zanzibar atanielewa upesi kuliko wengine. Yeye ana mbunge anayekwenda Dodoma, na ana mwakilishi anayekaa Chukwani katika Baraza la Wawakilishi. Mambo ya Muungano huku, ya Zanzibar kule. Marekani kila moja ya majimbo 50 lina chombo cha namna hiyo, na wabunge wa majimbo kwa jumla wanazidi 7,000. Msomaji wa Kenya akifikiria bunge la kaunti atakaribia, ila itabidi aongeze mamlaka sana. Bunge la jimbo ndilo linalotunga sheria za mauaji na wizi, za ndoa, za shule, za polisi, na katika majimbo mengi ndilo linaloamua kama mtu anaweza kuhukumiwa kifo au la. Mmarekani akikamatwa mtaani kwake, mara nyingi sheria iliyomkamata haikutungwa Washington.

Illinois ni jimbo mojawapo. Jiji lake kubwa ni Chicago, lakini makao makuu ni Springfield, mji mdogo wa katikati ya mashamba ya mahindi, umbali wa kilomita zaidi ya 300. Seneti yake ina viti 59. Neno jimbo hapa nitalitumia kwa Illinois nzima. Kile ambacho Watanzania huita jimbo la uchaguzi nitakiita eneo, tusije tukachanganyana.

Kiti cha Alice Palmer

Obama alizaliwa Honolulu mwaka 1961 na hakuwa mwenyeji wa Chicago. Alifika huko mwaka 1985 kama mhamasishaji wa jamii. Alikuwa akizunguka makanisani na katika nyumba za umma za Altgeld Gardens, upande wa kusini wa jiji, kuwakusanya wakazi wadai huduma zao na kudai asbesto iondolewe majumbani mwao. Mwaka 1988 akaenda kusoma sheria Harvard, akarudi 1991. Mwaka uliofuata akaongoza kampeni ya Project Vote, iliyoandikisha wapiga kura wapya wanaokadiriwa kufika 150,000, wengi wao Weusi. Kisha akaingia katika kampuni ya mawakili wa haki za kiraia na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago. Hilo daftari la wapiga kura tulikumbuke, litarudi muda si mrefu.

Mlango wa siasa ulifunguliwa na kashfa ya mtu mwingine. Agosti 1995 Mel Reynolds, aliyewakilisha sehemu ya Chicago katika Bunge la Washington, alipatikana na hatia ya makosa ya kingono yaliyomhusu msichana wa chini ya umri, akajiuzulu. Alice Palmer, seneta wa jimbo wa eneo la 13, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimiwa, alikuwa tayari ametangaza kugombea kiti kile. Akawatambulisha wafuasi wake kwa mwanasheria kijana aliyetaka kurithi nafasi yake Springfield. Septemba 1995, katika hoteli moja ya Hyde Park, mtaa wa Chuo Kikuu cha Chicago, Obama akatangaza nia. Tarehe 7 Novemba mama yake akafariki dunia Honolulu, kampeni ikiwa imeanza.

Wiki tatu baadaye Palmer akashindwa kwenye mchujo. Mshindi alikuwa Jesse Jackson Jr., wa pili Emil Jones, kiongozi wa Democrats katika Seneti ya jimbo, na Palmer akawa wa tatu. Jina la Emil Jones nalo tulishike.

Wazee wa siasa wa upande wa kusini wakamwita Obama, wakamwomba ampishe mama huyu arudi kwenye kiti chake. Kwa desturi za mtaani, ombi la namna hiyo kwa kijana aliyekuja juzi lilikuwa karibu na amri. Obama akakataa, akisema alipewa neno na amekwisha anza kuchangisha na kukusanya watu. Palmer akaingia kinyang'anyiro kwa haraka, akakusanya wadhamini ndani ya siku chache, na tarehe 18 Desemba, siku ya mwisho, akawasilisha saini 1,580. Zilizotakiwa ni 757. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa salama kabisa.

Hapo likaja jambo ambalo wasomaji wa Tanzania wanalijua kwa jina lake: pingamizi. Sheria ya Illinois inataka kila mdhamini awe ameandikishwa kupiga kura, awe anaishi ndani ya eneo, kwa anwani iliyo kwenye daftari, na awe ameandika saini kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa Obama walikwenda ofisi ya bodi ya uchaguzi wakapitia fomu mstari kwa mstari, jina kwa jina, za Palmer na za wagombea wengine watatu. Wengine walikuwa wameandika majina kwa herufi kubwa badala ya kutia saini. Wengine walikuwa wanaishi nje ya mpaka. Na Chicago ilikuwa imetoka kusafisha daftari, kwa hiyo watu waliodhani wameandikishwa walikuwa wamefutwa bila kujua. Mgombea mmoja alipungukiwa saini 69, mwingine 86. Palmer alipoona hesabu inavyokwenda, akajitoa.

Machi 1996 jina la Obama likawa peke yake kwenye karatasi ya mchujo wa Democrats. Eneo lile lilikuwa ngome ya chama hicho kiasi kwamba mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Kura ya Novemba ilikuwa kutia muhuri tu, naye akapata takriban asilimia 82. Kwa lugha ya kwetu, kwenye mchujo alipita bila kupingwa.

Sipendi kulipita jambo hili haraka. Miaka mitatu tu kabla ya hapo mtu huyu alikuwa akigonga milango ili watu waingie kwenye daftari. Sasa daftari lilelile likatumika kuwapunguzia watu uchaguzi hadi jina moja. Hakuvunja sheria, na fomu za wapinzani wake kweli zilikuwa na kasoro. Waliomtetea walisema mgombea asiyeweza kukusanya saini halali 757 hana haki ya kuwaongoza watu 190,000, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mkazi wa Englewood, mtaa mmojawapo wa eneo lile, aliyetaka kumrudisha Palmer hakupewa nafasi ya kusema hivyo kwa kura. Mambo yote mawili ni kweli, na atakayekusimulia moja tu amekupunja.

Mahali miswada inapolala

Januari 1997 Obama aliapishwa akiwa upande wa wachache. Republicans walikuwa wameishika Seneti tangu 1993, na rais wa Seneti alikuwa James "Pate" Philip, mtu wa vitongoji vya nje ya Chicago aliyetawala kwa mkono mzito. Katika Seneti ile muswada hauendi moja kwa moja ukumbini. Huanzia Kamati ya Kanuni, na kamati hiyo iko chini ya rais wa Seneti. Asichokitaka hakipigiwi kura ya hapana, kinaachwa kilale pale mpaka kikao kiishe. Seneta wa upande wa wachache anaweza kuwa hodari wa hoja kuliko wote ukumbini na bado akamaliza mwaka mikono mitupu.

Alipenya pale ambapo pande zote zilihitaji kitu. Mwaka 1998 vyama vyote viwili vilikuwa vinaaibishwa na desturi za fedha za Illinois, ambako mwanasiasa aliweza kutumia michango ya kampeni kwa mambo yake ya nyumbani. Obama, kwa mapendekezo ya Paul Simon, seneta mstaafu wa Washington aliyeaminiwa na pande zote, akawa mmoja wa waliosukuma sheria ya kupiga marufuku zawadi nyingi kwa wabunge na matumizi binafsi ya fedha za kampeni, pamoja na Kirk Dillard wa Republicans. Wenzake wengi hawakuifurahia, iliwagusa mfukoni. Lakini ilipita.

Kingine alichojifunza Springfield ni kukaa na watu. Wabunge wanatoka mbali, wanalala mjini siku za vikao, na jioni ni ndefu. Akajiunga na kundi la kucheza karata lililoanzia nyumbani kwa seneta Terry Link, Wademocrats na Warepublican meza moja, pamoja na wale wanaolipwa kushawishi wabunge. Wenzake Weusi wa Chicago, hasa Rickey Hendon na Donne Trotter, walimwona ni msomi wa Hyde Park anayejiona. Dharau hiyo ilimuuma, na baadaye iligeuka kuwa silaha dhidi yake.

Kura ya "Nipo"

Miaka kadhaa baadaye, wakati wa kampeni ya urais, wapinzani wake walilikamata jambo moja la miaka ya Springfield: takriban mara 130 kati ya kura zipatazo 4,000, Obama hakupiga ndiyo wala hapana. Alibonyeza kitufe cha tatu, kinachosema "Nipo".

Ili kulielewa, anza na hesabu. Muswada katika Seneti ya Illinois unahitaji kura 30 za ndiyo kati ya viti 59, hata ukumbini wakiwepo watu 40 tu. Ndiyo pekee ndizo zinazohesabiwa. Kwa hiyo Nipo kwa matokeo ni sawasawa na hapana. Tofauti iko kwenye ujumbe. Maseneta huitumia kusema "nakubali lengo, ila muswada umeandikwa vibaya kikatiba", au humpa nafasi mwenzao mwenye eneo gumu asionekane peke yake. Katika miswada ya utoaji mimba, kura hizo zilipangwa kabisa pamoja na watetezi wa haki hiyo, ili maseneta kadhaa waseme Nipo kwa mkupuo na wapinzani wakose cha kuwatangazia.

Hata hivyo si zote zinazoelezeka hivyo. Mwaka 1999 ulikuja muswada wa kuwashitaki kama watu wazima vijana wanaofyatua bunduki karibu na shule. Obama alikuwa na shaka nao, lakini hakutaka kuonekana mlegevu juu ya uhalifu, naye akasema Nipo. Muswada ulipita kwa wingi mkubwa bila yeye. Ile, kwa maoni yangu, ilikuwa kukwepa. Mtu mwenye shaka ya kweli juu ya kuwapeleka watoto jela za wakubwa angesema hapana na kuubeba mzigo wake.

Kushindwa bila kupoteza kiti

Mwaka 1998 alirudishwa kwa asilimia 89. Mwaka 2000 akajaribu kuruka, akagombea kiti cha Bunge la Washington dhidi ya Bobby Rush, aliyewahi kuwa wa Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, na aliyependwa sana upande wa kusini. Oktoba 1999 mtoto wa Rush alipigwa risasi akafa, na jiji zima likahuzunika naye. Desemba, sheria ya bunduki ikaitishwa kura Springfield wakati Obama yuko Hawaii na familia, binti yake mchanga akiugua. Hakurudi, na kura zikapungua chache tu. Magazeti hayakumsamehe. Hendon na Trotter walikuwa wamekwisha mpaka rangi ya mgeni asiye wa mtaa. Trotter mwenyewe alikuwa mgombea. Rush alimshinda karibu mara mbili.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: aliposhindwa, mbona aliendelea kuwa seneta? Jibu liko kwenye Katiba ya Illinois ya 1970. Kwa kuwa mipaka huchorwa upya kila baada ya miaka kumi, vipindi vya maseneta ndani ya muongo vimegawanywa kwa mafungu: wengine miaka miwili, minne, minne, wengine minne, miwili, minne, wengine minne, minne, miwili. Eneo la 13 lilikuwa fungu la katikati. Ndiyo maana Obama aligombea 1996, tena 1998, halafu hakutakiwa kurudi kwa wapiga kura wake hadi 2002. Mwaka 2000 kiti chake hakikuwa mezani. Angekuwa fungu la mwisho, angelazimika kuchagua kimoja, na baada ya kipigo kile cha Rush huenda leo tungemjua kama mwalimu wa sheria tu.

Kofia

Sasa tufike kwenye tukio ambalo mimi nalipa uzito kuliko hotuba zake zote. Mwaka 2001 mipaka ilitakiwa kuchorwa upya baada ya sensa. Illinois ikishindwa kukubaliana bungeni, huundwa tume ya watu wanane, nusu kwa nusu kwa vyama. Wanane nao wakifungana, katiba inaamuru mtu wa tisa apatikane kwa bahati nasibu. Walioandika kifungu hicho walidhani vitisho vya bahati nasibu vitawalazimisha wanasiasa kupatana. Hawakupatana. Kwa hiyo Septemba 2001 Katibu wa Jimbo, Jesse White, alitia mkono ndani ya kofia iliyotengenezwa kufanana na ile ndefu ya Abraham Lincoln, akatoa jina. Likawa la Democrat, Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago. Miaka kumi kabla, bahati nasibu kama hiyo ilikuwa imewaangukia Republicans, na ndivyo Pate Philip alivyopata Seneti.

Chama kilichoshinda kofia kilichora ramani. Obama mwenyewe alikaa na mtaalamu wa chama wakaliunda upya eneo lake. La zamani lilikuwa limeelekea magharibi, kwenye mitaa masikini. Jipya lilipanda kaskazini kufuata ufuko wa ziwa Michigan hadi katikati ya jiji, kwenye maghorofa ya matajiri. Hyde Park ilibaki, na Weusi wakabaki wengi, ila sasa wapiga kura wake walijumuisha watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni ya jimbo zima. Hata hii ni sehemu ya ukweli: alichagua wapiga kura kabla wao hawajamchagua, kama walivyofanya wenzake wa vyama vyote. Novemba 2002 hakuwa na mpinzani, na Democrats wakaitwaa Seneti.

Rais mpya wa Seneti akawa Emil Jones, yule wa pili katika mchujo wa 1995. Alimfahamu Obama tangu miaka ya uhamasishaji, pale vijana na akina mama walipoandamana karibu naye na yeye akawakaribisha ndani wazungumze. Obama alimwendea, akamwambia kwamba sasa ana uwezo wa kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akakubali, na miswada mizito ikaanza kupita mikononi mwa Obama. Mingine, kama ule wa kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ilikuwa imepiganiwa na Hendon kwa miaka. Hendon alikuwa na haki ya kukasirika. Jasho lilikuwa lake pia.

Kinasa sauti kwenye chumba cha mahojiano

Katika kazi zote za mwaka 2003, moja ndiyo inayonifanya nimheshimu seneta yule. Illinois ilikuwa na historia ya kutisha. Tangu adhabu ya kifo irejeshwe mwaka 1977, watu 12 waliuawa kwa sindano ya sumu, na watu 13 waliokuwa wakisubiri kifo walionekana hawakustahili hukumu ile, wakaachiwa. Baadhi ya maungamo ya Chicago yalitoka katika vyumba ambamo maofisa wa polisi chini ya Jon Burge walitesa watuhumiwa. Gavana George Ryan, Republican, alisimamisha adhabu hiyo Januari 2000, na Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka, akawaondolea adhabu ya kifo wote waliobaki.

Obama alileta muswada wa kulazimisha mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji yarekodiwe. Polisi walipinga, waendesha mashitaka walipinga, na gavana mpya wa chama chake mwenyewe, Rod Blagojevich, alionyesha kupinga. Alikaa nao vikao vingi. Akakubali rekodi ya sauti itoshe pale picha isipowezekana, akakubali baadhi ya hali za kusamehewa, akakubali sheria ianze baada ya miaka miwili ili vituo vijiandae. Alichogoma kuachia ni moyo wa muswada: ungamo lisilorekodiwa lichukuliwe kuwa halikubaliki mahakamani mpaka upande wa mashitaka uthibitishe vinginevyo. Bila kifungu hicho, sheria ingekuwa ushauri. Seneti ilipiga kura ya pamoja, hakuna aliyepinga, na Julai 2003 gavana akatia saini. Illinois ikawa jimbo la kwanza kulazimisha jambo hilo kwa sheria iliyotungwa na bunge.

Meza ya karata, sheria ya zawadi, miaka sita ya miswada kulala, yote yanaonekana katika kura hiyo. Maseneta wa Republicans waliokuwa karibu na polisi walimjua kama mtu anayesikiliza na kutimiza alichoahidi. Hilo kofia isingempa.

Machi 2004 alishinda mchujo wa kugombea Seneti ya Marekani kwa takriban asilimia 53 kati ya wagombea saba. Julai 27 alisimama Boston akahutubia mkutano mkuu wa Democrats, bado akiwa seneta wa eneo la 13, na Novemba akamshinda Alan Keyes kwa asilimia 70. Siku chache baada ya uchaguzi akajiuzulu Springfield. Kiti chake alipewa wakili mzaliwa wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, aitwaye Kwame Raoul, ambaye tangu 2019 ni Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Mwaka 2011, akiwa amekalia kiti kilekile, Raoul ndiye aliyeuongoza katika Seneti muswada wa kufuta kabisa adhabu ya kifo jimboni humo.